Jirani wa Kiti Namba Kumi na Nne

Mwaka ule meneja wa Nyundo, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kurusha kwa mkono, alisimama mbele ya kamera na suti yake safi, akasema timu inajengwa upya. Mimi nilikuwa nakunywa supu, nikacheka mpaka ikanitokea puani. Nimejenga tofali miaka arobaini na moja hapa kwetu kando ya Ziwa Erie. Nimejenga shule, nimejenga mabomba ya moshi, nimejenga ukuta wa kanisa letu, ukaanguka, nikaujenga tena. Kujenga upya nakujua. Unabomoa, unasafisha, unaweka msingi, unapanda. Hawa Nyundo walikuwa wanajenga upya mara ya tano tangu nioe, na bado tulikuwa ndani ya shimo la msingi tunachota maji.

Lakini habari ya timu ni fupi: mechi kumi na saba, tukashinda mbili. Ninayotaka kuwaambia ni habari ya Rusty.

Sisi wenye viti vya msimu, kiti chako ni chako kila mwaka, hukai kwingine. Vyetu viko juu kabisa, upande unaopigwa na upepo wa ziwa, mstari wa ishirini na mbili. Namba kumi na mbili ni cha Adele, mke wangu. Kumi na tatu changu. Kumi na nne cha Rusty. Adele alitutoka miaka sita sasa, lakini kiti chake sijakiachia, naweka koti na chupa ya kahawa. Wanangu wananiambia, baba, huo ni ujinga. Ni ujinga, ndiyo. Ujinga wangu mwenyewe.

Rusty nimekaa naye bega kwa bega miaka ishirini na sita. Jina hilo ni la nywele, zilikuwa na rangi ya kutu, siku hizi hana hata moja. Yeye ananiita Tofali. Sasa sikilizeni, hapa ndipo aibu yangu ilipo. Jina lake la ukoo sikulijua. Kwake sikupajua. Namba ya simu, hata. Ndivyo tulivyo watu wa viti. Mnakutana mwezi wa tisa, mnachoma soseji pamoja pale pakingi, mnakumbatiana mkifunga, mnatukana pamoja mkifungwa, mwezi wa kwanza mnapeana mkono, "Haya, mwezi wa tisa!" Basi, kila mtu kwake. Kumuuliza mtu anakaa wapi ni kama kumuuliza mshahara wake.

Lakini nilijua sikio lake moja halisikii. Nilijua wimbo wa taifa ukipigwa analia, halafu anasingizia upepo. Nilijua haradali anaitia chini ya soseji, si juu, eti isimchafue masharubu. Adele alipofariki hakuna aliyemwambia. Alikuja mwezi wa tisa akaona koti langu kwenye kiti, akalitazama, akanitazama mimi, akanipita akaweka mkono wake juu ya lile koti, akauacha pale robo nzima ya mchezo. Huyo ndiye Rusty.

Na mechi ya mwisho ya msimu uliotangulia, theluji inamwagika, tumefungwa, mimi nakimbilia gari kabla ya foleni, akaniita nyuma. "Tofali, ngoja kidogo."

Nikapunga mkono bila kugeuka. "Mwezi wa tisa, bwana!" Nikashuka ngazi.

Mwezi wa tisa ukafika. Napanda ngazi zangu taratibu, goti hili na hili, nafika juu, kwenye kiti namba kumi na nne kakaa mama mmoja kavaa jezi ya wageni.

"Samahani mama, hicho kiti kina mwenyewe."

"Mwenyewe leo ni mimi, mzee." Akanionyesha simu. "Nimekinunua humu."

"Kwa nani?"

"Kwa simu."

"Simu haina matako, mama, haikai kwenye kiti. Nani kakuuzia?"

Nyuma yetu anakaa Bernadette, dereva wa basi la shule, sauti yake ukiisikia utadhani amemeza honi. Akapiga kelele, "Mwache mwenzio, Tofali! Kasafiri njia yote kuja kutucheka, mwache acheke!"

Yule mama alikuwa daktari wa meno, kumbe mtu mwema tu, alinigawia karanga zake. Tukafungwa thelathini na moja kwa sita. Mrushaji wetu mpya wa mpira, kijana wa miaka ishirini na mbili ambaye ndiye tofali la kwanza la huo ujenzi wao, aliangushwa mara saba. Siku nyingine ningekuwa na mtu wa kumwambia, "Unaona walivyomlaza?" Nikageuka kulia kusema, nikakuta daktari wa meno.

Mechi ya pili akaja mtu mwingine. Ya tatu, mwingine. Nikaanza kuwaza. Kiti kinauzwa, basi yupo anayeuza. Labda Rusty mwenyewe kachoka na Nyundo, na nani atamlaumu? Au watoto wake wanauza vitu vya marehemu: kochi, gari, kiti cha mpira. Hilo la pili lilinikaa kifuani kama zege.

Nikaenda ofisini kwa Nyundo, pale chini ya uwanja. Dada wa dirishani akaniuliza, "Jina la huyo jirani yako?"

"Rusty."

"Rusty nani?"

Nikapapasa kichwa kumwonyesha upara.

"Mnakaa mtaa gani, mzee?"

"Mstari wa ishirini na mbili."

Hakucheka, namshukuru. Akasema habari za wateja hawatoi, ni sheria. Nikamwambia sawa, sheria ni sheria, nikasimama pale kidogo kama mtu aliyesahau kitu, halafu nikaenda zangu.

Nikaanza kusoma kurasa za vifo. Kila asubuhi, gazeti na kahawa. Lakini mtu unamtafutaje kwa marehemu kama huna jina? Natazama picha tu. Wazee wenye vipara wakishavalishwa tai wote wanafanana. Kuna siku nilimlilia mmoja, nikamlilia kwelikweli, kusoma chini nikakuta alikuwa mpiga kinanda na maisha yake yote alichukia mpira. Mungu amrehemu.

Mwezi wa kumi na moja hata wageni wakaacha kununua. Nani atoe chake aje kutazama hawa? Mstari wetu ukabaki mimi peke yangu. Koti kushoto, baridi kulia. Uwanja ule unaingiza watu elfu sitini, na ukinipa muda siku ile ningeweza kuwahesabu waliokuja. Hapo ndipo wakaanza kuonekana watu wa mifuko.

Hawa ni watu wanaovaa mfuko wa karatasi kichwani, ule wa dukani, wametoboa macho, kwamba tunaona haya kuonekana na timu hii. Mimi nawachukia. Rusty aliwachukia kunishinda mimi. Alikuwa anasema mtu anayeficha uso asije msibani. Lakini watu wa televisheni wanawapenda. Timu ikifungwa sana kamera haina cha kutazama uwanjani, inapanda juu kutafuta mifuko.

Bernadette alikuwa ameniona wiki zile zote. Jumapili moja tunachapwa ishirini na nne kwa bila, na bado mapumziko, akaniinamia.

"Tofali. Rusty akiwa hai, leo yuko wapi?"

"Anatazama mpira. Atakuwa wapi kwingine?"

"Anatazama kwenye nini?"

Nikamwelewa. "Hapana, mama. Mfuko sivai. Adele angenifufukia."

"Adele angekuchorea mwenyewe huo mfuko!" Akamwaga mikate yake chini ya kiti, akanipa mfuko na kalamu nene. "Andika, mzee wangu. Usione haya, humu hakuna mtu wa kukuona."

Shule niliacha darasa la nane, mwandiko wangu ni wa fundi, herufi kubwa tupu. Nikaandika: RUSTY KITI 14 UKO HAI? TOFALI. Nikatoboa macho kwa ufunguo wa gari, nikavaa. Giza. Mimi, mtu niliyepima kuta maisha yangu yote, matundu nimeyaweka kwenye paji la uso!

Nikakaa ndani ya mfuko ule unaonuka vitunguu, nasikia pumzi yangu mwenyewe. Sijui niseme vipi. Nilipokuwa naona nilikuwa mpweke, lakini mle ndani nilihisi kama wameshanizika mimi, na Rusty ndiye anayesoma gazeti. Nikataka kuuvua.

"Usivue!" Bernadette akanishika kichwa kwa mikono miwili. "Kamera inapanda! Geuka! Si huko, huko ni ukutani! Kulia kwako! Inua kidevu, wanasoma!"

Nikainua kidevu. Nilisikia watu wachache wakicheka, kisha nikajisikia mwenyewe natangazwa na mtangazaji wa uwanja, kiti kumi na nne, kiti kumi na nne. Tukafungwa arobaini na moja kwa tatu. Wanangu wote wawili walipiga simu kabla sijavua buti. Mmoja aliuliza kama nina homa.

Wiki mbili nzima, kimya. Naamka, gazeti, kahawa, picha za vipara. Nikajiambia, basi, Tofali, umeuliza, na kimya nacho ni jibu.

Mechi ya mwisho ya nyumbani nilikaribia kutokwenda. Nilikwenda kwa sababu ya lile koti tu, sikutaka lining'inie nyumbani siku ya mechi. Nafika juu, kwenye kumi na nne kakaa mwanamke wa makamo, hana jezi, kajikunyata kwa baridi. Nywele zake rangi ya kutu.

Nikashika chuma cha ngazi.

"Wewe ndiye Tofali?" akaniuliza.

"Ndimi. Niambie upesi, binti."

"Yuko hai," akasema. "Kakasirika, lakini yuko hai."

Nikakaa.

Jina lake Noreen. Baba yake anaishi kwake sasa, mwendo wa saa tatu kusini. Kisukari kilikuwa kinamla mguu tangu mwaka juzi, hakuniambia, wala mimi sikuuliza kwa nini anapumzika kila ngazi kumi. Mwezi wa tatu wakaukata. Yule aliyekuwa anauza kiti kwenye simu ni mkwe wake, mume wa huyu Noreen.

"Siku ile alikuita akuage," Noreen akasema. "Alitaka uwe wa kwanza kujua habari ya mguu, kabla hata yetu sisi. Halafu akasema, aa, afadhali, ningelia nikasingizia upepo."

"Na mfuko aliuona?"

"Tuliuona wote. Akapiga kelele, 'Yule mpumbavu kavaa mfuko!' Kisha akaomba nimpeleke chumbani, akafunga mlango. Siku tatu hakuutaja. Ya nne akaniambia, mechi ya nyumbani ikifika panda gari, kamwambie."

"Si angepiga simu?"

Noreen akanitazama kama daktari anavyomtazama mtoto. "Kwa namba gani, mzee? Hata yeye jina lako halijui."

Bernadette nyuma alikuwa anapenga kamasi, honi ile ile. Noreen akaniandikia namba kwenye karatasi, na jina: Russell Haverkamp. Nililisoma mara nyingi. Lilikuwa kama jina la mtu mwingine.

Jumapili iliyofuata Nyundo walicheza ugenini, mechi ya mwisho ya msimu. Saa saba mchana nikakaa jikoni, televisheni mbele, nikapiga.

"Haloo," akasema.

"Ni Tofali."

"Najua ni wewe. Nani mwingine anihangaishe?"

"Mguu vipi?"

"Umekatwa, utakuwaje?"

Nikacheka, akacheka. Halafu tukanyamaza. Jamani, tulinyamaza! Miaka ishirini na sita, na hatukuwa na la kuambiana. Nilitaka kumwambia habari ya gazeti, yule mpiga kinanda, daktari wa meno, zege la kifuani. Kinywa kikakataa. Tulizoea kuzungumza na kitu mbele yetu, macho kwa macho hatujui, na simu ni macho kwa macho. Nilimsikia anavuta pumzi, kama mtu anayetafuta namna ya kuaga.

"Umewasha televisheni?" nikamuuliza.

"Sasa nitaizima vipi, na hawa wanacheza?"

"Basi usikate."

Nikaiweka simu mezani, sauti juu, nikaisogeza upande wa kulia. Mpira ukaanza. Kijana wetu akaupokea, akarudi nyuma, akatazama mbele, na mimi nikaanza kuinuka kwenye kiti, maana aliyekuwa anamtafuta alikuwa wazi kabisa, hana mtu.

"Aaah, mama yangu!" Rusty akaguna kwenye simu.

Kumbe kwake picha inafika kabla ya kwangu, sekunde nne, tano hivi. Nikakaa tena chini, nikangoja nione tulivyokosa.