Umeangalia Fyuzi?

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Umeme, naye aliitika kama mtu aliyeitwa mheshimiwa. Miaka ishirini na mbili alikuwa akifunga nyaya za majumba, na katika miaka hiyo yote jambo moja tu lilimpandisha mori: mtu kumvusha mji mzima ili aje abadilishe kitu kisichozidi ukucha. Ndiyo maana simu ya mteja aliijibu kwa swali lile lile, salamu zikiwa bado njiani.

"Umeangalia fyuzi?"

Mteja akisema bado, Umeme alivuta pumzi ndefu, akaanza mahubiri. Ukimtafuta aliyekuibia, unaanzia mlangoni au unapanda darini? Basi fyuzi ndiyo mlango. Uiangalie kwanza, ndipo umsumbue fundi.

Mahubiri hayo mama mkwe wake alikwisha yajua kwa moyo. Alikaa nyumbani kwa Umeme wiki tatu akingoja zamu yake ya kupasuliwa jicho, na ukuta kati ya chumba chake na sebule ulikuwa mwembamba. Wiki hizo tatu yeye na mkwewe waliheshimiana mpaka wakachoka. Mama akiingia sebuleni, Umeme alikumbuka kitu nje. Umeme akikohoa ukumbini, mama alirudi chumbani. Siku waliyokutana mlangoni, kila mmoja alimpisha mwenzake, na kwa muda mrefu hakuna aliyepita.

Sasa mama alikwisha pasuliwa. Kesho yake alitakiwa kliniki kabla ya saa tano asubuhi afunguliwe bandeji, na binti yake, ambaye ndiye angempeleka, akaitwa kazini ghafla. Akabaki Umeme na gari lake. Mama alipanda nyuma, upande wa mbali na dereva, mkoba mapajani. Walisafiri kama watu waliokodi gari moja kwa bahati mbaya.

"Umelala salama, mama?"

"Salama, baba."



Wakiwa nusu ya njia mvua ikamwagika. Umeme akabonyeza swichi ya waipa. Waipa zikajinyanyua kidogo, zikatetemeka, zikatulia tuli. Akabonyeza tena, mara nne, kila mara kwa nguvu zaidi, kana kwamba swichi ilikuwa kiziwi. Kioo kikawa maji matupu. Akasogea pembeni mwa barabara, akasimamisha gari.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Umeme wa gari ni umeme wa kitoto."

"Naam, baba."

Alishuka na mkoba wake wa zana, akainua boneti, akaingiza kichwa na mabega chini yake. Alikwisha amua ugonjwa kabla ya kumwona mgonjwa: mota ya waipa imeungua. Fundi mdogo angesema vitu vidogo. Yeye alikuwa fundi mkubwa. Akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akang'oa kifuniko cha plastiki kilicho chini ya kioo, akakuta majani makavu na kijiti kigumu kilichobana kati ya vyuma vinavyosukuma waipa. Akakichomoa, akakitupa barabarani bila kukitazama mara mbili. Hakuja kutafuta vijiti. Akaendelea kuifuata mota, maji yakimteremka mgongoni hadi kwenye soksi.

Ndani ya gari, mama mkwe alimtazama kwa jicho lake la pili, ambalo nalo liliona kwa kubahatisha. Alichokiona kilimtosha. Saa nne na robo ilikuwa imegonga. Alijua swali la kuuliza. Alilisikia mara kumi kwa siku. Lakini mkwe hafundishwi kazi yake na mama wa mkewe, tena barabarani, tena akiwa amelowa vile. Angemwuliza, angemvua nguo mbele ya magari ya watu. Asipomwuliza, daktari angeondoka. Akatafuna ulimi kwa dakika kumi nzima. Kisha akafungua mkoba, akatoa simu yake ya vitufe. Binti yake alikwisha mpangia: moja ni binti, mbili ni mkwe. Akapapasa, akabonyeza mbili.

Umeme alikuwa na kisikilizio kimoja sikioni, kama ilivyokuwa desturi yake akiwa kazini. Akakigusa kwa mgongo wa mkono.

"Haloo, fundi," ilisema sauti ya mwanamke, nyembamba na ya haraka, kama ya mteja mwenye mambo mengi. Mvua ilikuwa ikipiga boneti kama ngoma. "Samahani kukusumbua. Waipa za gari hazifanyi kazi, nasi tuna haraka."

"Mama, mimi ni fundi wa majumba."

"Najua. Lakini nimesikia sifa zako."

Umeme akalainika. Sifa hazina msimu.

"Haya. Umeangalia fyuzi?"

"Bado."

Akavuta ile pumzi yake. "Ndio ninyi hao. Mnakimbilia kufungua mota, mnavunja vifuniko, na fyuzi imekaa pale inawacheka. Ukimtafuta aliyekuibia, mama, unaanzia mlangoni au unapanda darini?"

"Mlangoni, fundi."

"Enhe. Fungua kifuniko chini ya usukani. Uko wapi sasa hivi?"



"Kiti cha nyuma, baba," sauti ikasema, polepole, ikiwa imerudi kuwa ile aliyoizoea.

Umeme hakuinuka mara moja. Alibaki chini ya boneti, bisibisi mkononi, akiitazama ile mota ambayo hakuwa na ugomvi nayo. Alitamani mvua izidi. Hatimaye akarudisha kile kifuniko cha plastiki, akafunga boneti, akazunguka, akafungua mlango wa dereva, akapiga magoti kwenye matope bila kutazama nyuma. Mama naye alikuwa amegeukia dirishani, akisoma kwa makini kibao ambacho kwa macho yake hakuweza kukisoma.

Kifuniko kilikuwa na maandishi ya kigeni, lakini kila fyuzi ilikuwa na mchoro wake, na mchoro wa kioo chenye waipa mtoto wa chekechea angeutambua. Akazima gari, akaichomoa fyuzi kwa koleo dogo, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa ya njano, imeandikwa ishirini, na uzi wake wa ndani ulikuwa umekatika katikati, umeacha doa jeusi.

"Imeungua," alisema, akiiambia fyuzi.

Nyumbani alikuwa na kopo zima la fyuzi za watu wengine. Ndani ya gari hakuwa na hata moja. Jicho lake likaangukia karatasi ya peremende, ile ya kung'aa kama bati, kwenye sakafu. Ungeikunja, ungeibana pale, gari lingekwenda. Aliwahi kuwafokea wateja mpaka wakalia kwa ujanja huo, nao ndio ulioteketeza duka la kinyozi mmoja. Akaiacha pale ilipo. Akapekua tena michoro, akakuta ishirini nyingine ya njano, ya tundu la kuchajia simu. Leo simu zingevumilia. Akaihamisha, akawasha gari, akabonyeza swichi. Waipa zikapangusa kioo, kulia, kushoto, kana kwamba hazikuwahi kugoma.

Hapo ndipo alipokikumbuka kijiti. Fyuzi haiungui kwa kupenda. Kijiti kilibana vyuma, mota ikahangaika, fyuzi ikajitoa mhanga. Kama kijiti kingekuwepo bado, hata hii ya pili ingeungua. Kwa hiyo jasho lake lote halikuwa bure. Alimweleza mama jambo hilo wakiondoka, akamweleza tena kwenye taa za barabarani, na mara ya tatu wakiegesha kliniki.

"Naam, baba," alisema mama, mara zote tatu, bila hata kutabasamu.

Walimkuta daktari akivua koti. Akalivaa tena, akamkalisha mama kitini, akabandua bandeji taratibu. Umeme, aliyetaka kungoja nje kwa heshima, aliamriwa ashike taa. Mama akapepesa, jicho likatoa machozi, kisha likatulia juu ya uso ulioinama mbele yake. Miaka minane Umeme alikuwa mkwewe, na sura yake mama hakuwahi kuiona vizuri. Kwanza aibu, baadaye ukungu wa macho.

"Kumbe una mvi," alisema. "Nami nilidhani nimemwoza binti yangu kwa kijana."

"Zimeota leo, mama," Umeme akajibu.

Mama akacheka, kwanza kidogo, kisha mpaka daktari akamwomba atulie, jicho bado bichi. Umeme naye akacheka, taa ikimtikisika mkononi, grisi ikiwa imemkauka puani, na hakuna aliyemwambia.