Aliyeanua Nguo

Kwenye kioo cha simu, mwanamke aliyejitanda leso hadi puani alikuwa akiishusha kambani sari ya marehemu mama yake Vidya. Akashusha na mashuka, upesi upesi, akiinua macho kila mara kama mtu mwenye wasiwasi. Vidya alikuwa ofisini katikati ya jiji, na dirishani kwake jua lilikuwa linawaka.

Kamera ile ilikuwa imefungwa mwezi uliopita juu ya paa la ghorofa lao la Hurlingham, baada ya viatu kuibwa. Vidya mwenyewe ndiye aliyeipigania. Basi hakusita. Aliituma picha kwenye kundi la wapangaji, akaandika: "Mwizi huyu. Zadock, funga geti."

Bawabu akafunga. Wapangaji wakapanda na kumkuta mwizi wao ngazini, amelowa chapachapa, amekumbatia nguo za ghorofa zima. Alikuwa Kasyoki, Mama Kanyiva, ambaye mlango wake unatazamana na wa Vidya. Huko Hurlingham mvua ilikuwa imeanza kumwagika. Nairobi ndivyo ilivyo, mtaa huu unalowa na ule unaungua, na Vidya alilijua hilo tangu utotoni. Lakini hasira hasara.

Huo ndio uliokuwa ujirani wao: aliyesikia tone la kwanza aliwaanulia wote. Jioni ulizifuata nguo zako zimekunjwa, ukapewa chai, na umbea juu yake bila kuuomba. Siku hiyo Kasyoki alipekuliwa mbele ya binti yake, nguo moja moja, hata zake za ndani.

Vidya aliomba radhi. Alipika biriani, akampelekea. Kasyoki alipokea kwa adabu, kisha akairudisha sahani ikiwa imeoshwa, tupu. Baina yao sahani haikuwahi kurudi tupu. Vidya aliiweka kabatini, akalia.

Jumamosi mvua ilianza tena. Milango ikafunguka, isipokuwa wa Kasyoki; kila mtu mwingine alipanda, akachukua vyake, akashuka bila kumtazama mwenzake. Kambani zikabaki sare za shule za Kanyiva. Vidya aliitazama taa nyekundu ya kamera, akajiona alivyo mle ndani: mwanamke aliyejitanda mtandio, akinyoosha mkono kwenye nguo zisizo zake. Aliogopa, kisha akaona haya kwa kuogopa. Akazianua.

Alipobisha, Kasyoki alifungua mlango kiasi cha mnyororo tu.

"Nimekuanulia, Mama Kanyiva."

Kasyoki alizitazama sare, akamtazama na yeye. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Vidya zaidi.

"Rudisha tu kwa kamba, Mama Krish. Wasikuone nazo."

Mlango ukafungwa taratibu. Vidya alibaki pale, maji ya sare yakimdondokea miguuni. Kutoka orofa ya juu akasikia nyayo za mtu anayeshuka, na kabla hajafikiri, akajikuta amezificha sare zile chini ya mtandio.