Goli la Upande wa Choo

Klabu yetu haipigi kura kwa karatasi. Wanachama tunaingia uwanjani: wanaokubali wanasimama goli la mbele, wanaokataa goli la upande wa choo. Utaratibu huu tuliachiwa na wazee, na walijua walichofanya, maana viongozi hawa karatasi wangezitafuna.

Siku hiyo tulikuwa tunaamua kama tumchukue kocha wanayemwita Komeo. Timu zake zinafunga mlango tu. Watu kumi nyuma, mmoja mbele anamwomba Mungu. Lakini hajawahi kushuka daraja, na sisi tulikuwa tunaburuta mkia.

Mimi nilikuja kukataa. Aliyemleta ni katibu, kaka wa marehemu mke wangu. Ndiye aliyeuza mawinga wetu, halafu anashangaa timu hairuki. Tena mimi klabu hii niliipendea pasi. Zikipigwa tano mfululizo, njaa naisahau.

Mke wangu alikuwa mwingine kabisa. Tukiongoza bao moja tu, anaipigia redio kelele: "Rudini nyuma! Butua huko, mbali!" Namwambia, mama, huo si mpira. Ananijibu, "Mpira mzuri utaupika na nini?" Tuligombana hivyo hadi hospitali, mahali ambapo dawa hazikuwepo ila wakubwa walikuwepo. Mechi ya mwisho aliyoisikiliza tuliongoza, vijana wakaendelea kupamba pasi, tukafungwa mbili. Akageukia ukutani. "Si nilisema?"

Redio ile bado iko upande wake wa kitanda.

Pale uwanjani, kabla ya kura, mwanachama mwenzangu fundi viatu akamuuliza Komeo, "Kocha, utatufundisha mpira gani?"

"Wa kubaki."

"Na raha je?"

"Paa linavuja, mnataka mapazia?"

"Basi katibu atuletee fundi bati!" Watu wakaangua kicheko, mimi nikiwemo. Fundi viatu akanishika mkono. "Twende, mzee, tukawaonyeshe."

Tulipofika katikati ya uwanja, nikasimama. Ligi ya chini haitangazwi redioni. Tukishuka, jioni za mechi nitakaa chumbani na nani? Pasi nzuri nitazisikia wapi, na nani atanibishia?

Nikageuka.

"Mzee, umepotea njia? Choo kiko huku!" fundi viatu akaita.

Nikaendelea hadi goli la mbele. Katibu akanifungulia mikono. "Karibu, shemeji! Nilijua utaniunga mkono."

"Wewe sikuungi hata kidole. Nimemfuata dada yako."

Mikono ikamshuka. Akatazama majani.

Komeo alipita kwa tofauti ya watu wachache. Mechi yake ya kwanza ilikuwa sare bila bao, mpira wa kutia usingizi, mtangazaji mwenyewe anapiga miayo. Nilikaa kitandani upande wa mke wangu, nimenuna. Dakika za mwisho wapinzani wakatubana golini, beki wetu akaubutua mpira hadi nje ya uwanja.

"Mbali zaidi!" nikapiga kelele, peke yangu chumbani.