Sare ya Mjane

"Kijani! Tumesema kijani cha tausi, Mama Rachel, mjadala ulishafungwa!"

Blandina, mwenyekiti wetu, aliipiga kaunta yangu kwa kiganja kama dalali wa mnada.

"Mlifunga mjadala wa kitambaa," nikamwambia. "Wa kitabu haujafunguliwa."

Kikundi chetu kinaitwa Kurasa. Ni wanawake wenye maduka hapa Kariakoo, na tunakutana dukani kwangu, Mtaa wa Kongo, kusoma riwaya. Kusoma ni neno kubwa. Tuna mwenyekiti, mweka hazina, kamati ya keki na fulana zenye nembo. Kitabu tulinunua kimoja, eti kizunguke. Kilizunguka kweli: kila mmoja alipiga nacho picha pembeni ya kikombe cha chai, akaiweka status ya WhatsApp, akampelekea mwenzake kitabu. Kiliporudi kwangu kurasa zilikuwa bado zimegandana. Tuliokisoma ni mimi na binti yangu Rachel wa kidato cha tatu, ambaye hata si mwanachama.

Sasa riwaya hiyo, *Mjane wa Ghorofa ya Tatu*, imetengenezewa filamu. Inaonyeshwa Jumamosi mara ya kwanza, mwandishi atakuwepo, na waandaaji wametuletea kadi za mwaliko. Blandina akatazama jalada, akaona mwanamke amesimama kwenye ngazi na kitenge cha kijani cha tausi, akaamua hiyo ndiyo sare yetu.

Mimi nauza vitenge. Jora la tausi wa kijani lilikuwa limenilalia stoo tangu Idi. Mfanyabiashara mwenye akili angenyamaza. Mimi akili ninazo, na diploma ya ununuzi na ugavi ninayo, kunyamaza ndiko sikufundishwa.

"Yule wa kwenye jalada siyo mjane," nikasema. "Yule ni..."

"Ishia hapo hapo!" Nawal, anayeuza udi na manukato duka la jirani, aliziba masikio. "Wallahi usituharibie! Watu tunaenda kuangalia filamu, wewe unatutolea mwisho?"

"Siyo mwisho. Ni sura ya pili."

"Ndipo utamu unapoanzia, shoga. Tuachie."

Katika sura ya pili mawifi wa mjane wanapanda ngazi, wote wameshona sare ya kijani cha tausi, wanamtoa nje yeye na godoro lake. Sufuria ya maharage wanaipua jikoni, wanaondoka nayo ikiwa inachemka. Huyo wa kwenye jalada ni mmoja wao.

"Halafu kwenye trela kuna harusi," akasema Shadya, mweka hazina. "Mjane anaolewa na kijana mwenye gari jeupe. Harusi bila sare?"

"Kwenye kitabu haolewi. Anauza chapati Jangwani mpaka mafuriko yanamtoa."

"Basi mwandishi alikosea. Filamu imemrekebisha."

Wakacheka, wakagongeana viganja. Nikaliacha hilo. Kilichoniuma kilikuwa nyuma yangu, juu ya robota la vitenge, ambako Rachel alikaa na kitabu mapajani. Mwenzetu mmoja wa kikundi, Mama Muhannad, amesafiri, na kikao kizima kilikubali kadi yake apewe Rachel. Mtoto ana swali lake kwa mwandishi: kwa nini mjane alimsamehe wifi mdogo peke yake? Alilifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Ile kadi ya Rachel iko wapi?" nikauliza.

Blandina akajifanya anakagua pindo la gauni lake. "Nimempa mpiga picha."

"Tulimwahidi mtoto."

"Filamu ataiona mtandaoni, dada. Halafu wewe, mtoto asimame pale mbele aulize maswali, wageni watugeukie na sisi, watuulize? Sisi ni kikundi cha wasomaji, siyo cha mitihani. Mpiga picha haulizi kitu."

"Mama, acha tu," Rachel akasema. Akakifunga kitabu polepole, akakigeuza jalada chini.

Hapo ndipo nilipokata shauri. Nikafungua droo, nikatoa kadi yangu mwenyewe, nikamwekea Rachel mkononi.

"Na wewe je?" Blandina akaruka. "Kadi ni single hiyo, ya mtu mmoja! Na hana sare!"

"Atavaa gauni lake la kanisani. Mimi Jumamosi nina duka."

Nikalitoa stoo jora la tausi, nikalikunjua juu ya kaunta. "Nawauliza mara ya mwisho. Niwaambie anayevaa kitenge hiki ni nani?"

Wote wakaziba masikio, Nawal akiimba kabisa ili asinisikie. "Kata, Mama Rachel! Kata!"

Nikashika mkasi, nikakata.

"Rachel," nikasema, "Jumamosi ukimfikia mwandishi, kabla ya swali lako mpe salamu zangu. Mwambie mawifi wamefika, na safari hii wamekuja na mpiga picha."

Nikavuta yadi nyingine sita.