Kidole cha Mama Kwenye Kaunta

Jumanne asubuhi fundi Kiprugut aliikwangua kaunta ya jikoni ya Mastura, mtaani Bondeni, kwa mashine ya grainda. Kwa miaka thelathini Mastura na mama yake walikuwa wamekandia unga wa mahamri juu yake, hata ikabonyea kama godoro kuukuu. Kiprugut alifagia vumbi, akatandaza simiti nyeupe, akailainisha kwa mwiko, akaifunika kwa magunia mabichi.

Kazi hiyo iliagizwa na Musab, kakake Mastura. Nyumba ilikuwa ya mama yao. Sasa ilikuwa ya Musab, kwa karatasi ya urithi iliyopigwa kidole gumba cha marehemu, naye alitaka kuipangisha. Mastura alipewa hadi Jumamosi ahamie chumba kimoja huko Rongai.

Mastura aliijua karatasi hiyo. Siku mama alipokata roho, yeye alitoka kuwaita wanawake wa kuosha maiti, akamwacha Musab chumbani. Walipoanza kuosha alikuta wino wa zambarau kwenye kidole gumba. Alisugua, haukutoka. Wakamzika nao. Mastura hakulia. Aliinama sikioni mwa maiti akasema, "Mama, usimwachie."

Jumatano Kiprugut alifunua magunia. Katikati ya kaunta palikuwa na alama ya kidole gumba, ya zambarau, mistari yake yote ikionekana.

"Mathe, nani ameshika hapa kabla ikauke?"

"Mama."

"Yuko wapi?"

"Tulimzika Februari."

Kiprugut aliitazama ile alama. "Basi mwambie angoje. Simiti inataka siku mbili."

Akakwangua, akatandaza upya. Alhamisi alama zilikuwa kumi na moja. Mastura akamweleza habari ya wino. Kiprugut alisikiliza mpaka mwisho, akawasha grainda, akakata kipande chenye alama iliyo safi kuliko zote.

"Peleka huu ushahidi, mathe. Mzee mwenyewe amekuandikia."

"Ni mama."

"Pole. Mama mwenyewe."

Mastura alikifunga kwa leso, akakipeleka kwenye ofisi ya ardhi iliyotunza ile karatasi ya Musab. Karani alikiweka kando ya karatasi, akachungulia kwa kioo cha kukuzia, mstari kwa mstari.

"Mama alikufa lini?"

"Februari."

"Na hii ameiweka lini?"

"Jana."

Karani aliandika. "Zinafanana kabisa. Karatasi ni halali."

"Alishikishwa kidole akiwa amekufa."

"Hata hii ameiweka akiwa amekufa, na ni yake." Akapiga muhuri, akamrudishia kipande chake.

Ijumaa Kiprugut aliziba pengo, akaipiga kaunta polishi pamoja na alama zake. Alisema akizikwangua tena watafika sakafuni.

Jumamosi Musab alikuja kuchukua ufunguo. Vyombo vya Mastura vilikuwa vimefungwa mlangoni, ila sufuria moja ya chapati alizokandia kwenye kaunta mpya. Kila chapati ilikuwa na kidole gumba cha zambarau katikati.

"Umetia rangi gani hapa?" Musab akauliza.

"Mimi sijatia kitu. Kula, kaka. Mama amekukandia."

Musab hakuwahi kukataa chapati za dadake. Alikula nne. Alipopangusa mdomo, kitambaa kilibaki cheupe na midomo ikabaki zambarau. Alienda bombani akasugua kwa sabuni mpaka ngozi ikachubuka.

"Haitoki," Mastura akamwambia. "Nimeshajaribu."

Akamkabidhi ufunguo, akajitwika mzigo wake, akaenda Rongai.

Jumatatu wapangaji waliingia, mume na mke. Waliitazama kaunta, wakasema maua yake yamependeza. Wakamtazama Musab mdomoni, wakampa kodi, wakamwita landilodi.