Rangi ya Bani

Nyumba yetu ya Ntalikwa ilikaa na plasta tupu tangu mvua za mwaka juzi. Wapita njia walidhani tumefilisika. Hatukufilisika. Mimi nilitaka nyeupe, mume wangu alitaka kijivu kilichokolea, na hakuna aliyekuwa tayari kushindwa.

Ubishi huo ungeweza kuendelea mpaka nyumba ianguke yenyewe, kama si mama mkwe wangu. Bibi Agnetha alikuwa akiishi peke yake kijijini Goweko tangu baba mkwe afariki. Msimu uliopita alijikwaa nje ya bani, lile jengo la kukaushia tumbaku, akalala chini mpaka jirani alipopita. Tangu hapo Revocatus, mume wangu, akawa anapanda pikipiki kila Jumamosi kwenda kumwangalia, na Jumapili jioni anarudi mwekundu kwa vumbi kama tofali. Tulimwomba mama ahamie kwetu. Chumba kipo, kitanda kipo. Jibu lake halikubadilika:

"Sihamii kwenye nyumba ambayo haijavaa nguo. Ipakeni rangi kwanza."

Na mimi nilimtaka aje. Wapo wanaoombea mama wakwe zao wakae mbali. Wangu ndiye mtu pekee katika ukoo ule anayeweza kubishana na mimi bila kununa.

"Basi tumalize," nikamwambia Revocatus. "Nyeupe inapoza nyumba. Jua la Oktoba unalijua. Ukipaka hicho kijivu chako tutaiva humo ndani."

"Na vumbi je? Nyeupe hapa itakuwa rangi ya udongo kabla ya Krismasi. Dodoma siku hizi nyumba zote nzuri ni za kijivu."

"Dodoma wana lami. Hiyo yako ni rangi ya bani. Watu watatuletea tumbaku mlangoni."

"Na yako ni ya zahanati. Watakuja na watoto wenye homa, wapange foleni."

Binti yetu Imakulata, aliyekuwa nyumbani akisubiri matokeo ya kidato cha sita, akainua kichwa kutoka kwenye simu. "Mama, nyeupe imeshapitwa na wakati."

"Na kuosha vyombo je, kumepitwa na wakati?"

Akaenda jikoni. Kura moja ilikuwa imepotea, lakini sinki lilikuwa safi.

Mjini, muuza rangi wetu ni mzee Rajnikant. Alipotuona tunaingia tena dukani alivua miwani akaiweka juu ya meza.

"Mama Ima, hii kadi ya rangi mmeishika mpaka imechujuka. Sasa hivi zote ni kijivu."

"Unaona?" Revocatus akasema.

"Sijasema nzuri," akasema mzee Rajnikant. "Nimesema kadi yangu imeharibika. Chukueni kopo dogo la hii na kopo dogo la ile, mkapake ukutani, mkatazame. Mkitaka kupigana, piganeni hukohuko."

Tukafanya hivyo. Pembeni ya mlango wa mbele tukapaka kipande cha kijivu, tukaacha nafasi, tukapaka kipande cha nyeupe, kila kimoja ukubwa wa shuka. Tukatazama asubuhi, tukatazama jioni. Mimi niliona nyeupe inapendeza. Revocatus aliona kijivu kinapendeza. Makopo hayakuwa yamesaidia chochote.

Ndipo nilipopata wazo. Mimi nimesomea ugavi, nina stashahada, na kazini kwangu watu wawili wakishindwa kukubaliana juu ya mali, tunaita mtu wa tatu anayeijua kuliko wao. Nani anajua rangi kuliko mama? Miaka yote ya ndoa yake alichambua tumbaku ya nyumba nzima. Jani likipita mkononi mwake alilitupia jicho tu, akajua liende fungu gani, na mnunuzi akijaribu kumbishia aliondoka kichwa chini.

"Aje achague yeye," nikasema. "Atakachosema, hakuna rufaa."

Revocatus akakubali haraka mno. Alidhani mama yake hawezi kumwangusha.

Bibi Agnetha alikubali pia, kwa namna yake. "Nakuja kuangalia tu," alisema kwenye simu. "Nisipopenda, narudi na treni inayofuata."

Alishuka stesheni na kifurushi kimoja, kitenge kilichofungwa fundo kubwa. Alipofika nyumbani alikipeleka chumbani kwake akakiweka nyuma ya mlango bila kukifungua. Nikaona. Kifurushi kisichofunguliwa ni mgeni ambaye hajaamua.

Kabla ya hapo, uani, alikuwa ametuchekesha. Alisimama mbele ya tanki letu jeusi la maji akaliamkia kwa adabu zote.

"Habari za hapa, mama? Hamjambo?"

Tanki likanyamaza.

"Huyu jirani yenu ana kiburi," akamwambia Imakulata.

Imakulata akacheka mpaka akashika ukuta. Sote tulicheka. Bibi yule ni mtu wa mizaha. Mjukuu wake humwita "mke mwenzangu", na asubuhi hadi jioni wanagombania mume aliyekwisha kufa.

Usiku huo kampeni zikaanza. Revocatus alimletea mama yake kitenge kipya na asali ya Sikonge. Mimi nilimpikia uyoga mkavu kwa karanga, ambao najua hawezi kuukataa. Kila mmoja wetu alimnong'oneza lake. Alivaa kitenge, akalamba asali, akala uyoga, na sote wawili akatujibu neno moja, "Nimekusikia."

Asubuhi tukamsimamisha mbele ya ukuta. Jua lilikuwa limeshapanda. Alifinya macho, akapapasa plasta kwa kiganja kama anavyopapasa jani. Kisha akanyoosha kidole.

"Hii hapa. Hii imetulia."

Kidole kilikuwa katikati. Hakikuwa kwenye kijivu wala kwenye nyeupe. Kilikuwa kwenye ile nafasi tuliyoiacha.

"Bibi!" Imakulata akapiga makofi. "Hiyo ni plasta tupu! Umechagua ukuta wenyewe!"

Revocatus akacheka, mimi nikacheka. Bibi Agnetha naye akacheka, lakini alichelewa. Alisubiri kwanza asikie sisi tunacheka nini. Hilo lilinikaa kichwani mchana kutwa. Mtu wa mizaha hachelewi kwenye mzaha wake mwenyewe.

Jioni akatangaza kwamba kesho anarudi Goweko. Revocatus alikwenda kukaa nje peke yake, hakuwasha hata redio. Mimi nikaingia chumbani kwa mama, nikakaa kitandani kando yake. Kuzungusha maneno sijui.

"Mama, huoni."

"Naona."

"Yule jirani mwenye kiburi ni tanki la maji."

Akainamisha kichwa. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Ndiyo maana hakunijibu," akasema. "Mimi nimelala na hasira naye."

Ndipo akaniambia. Macho yalikuwa yameingia ukungu, kidogo kidogo, tangu kabla baba mkwe hajafa. Tumbaku za misimu ya mwisho alizichambua kwa vidole na pua. Kule bani hakuteleza, hakukiona kizingiti. Goweko aliweza kuishi kwa sababu miguu yake inajua kila shimo. Hapa kwetu kila kitu kilikuwa kijivu cha saruji, ukuta, sakafu na korido, na milango haijapakwa. Mchana ule alitaka kwenda chooni akaingia stoo, akasimama katikati ya magunia ya mpunga akisubiri sauti ya mtu wa kumwelekeza, na aliposikia sauti ya Imakulata aliona aibu kuita.

"Kwa hiyo ile habari ya nyumba kuvaa nguo..." nikasema.

"Nilidhani mkipaka rangi nitaiona. Sasa mimi mtu mzima nitaombaje? Nikamwambie mwanangu, nipakie nyumba rangi, mama yako amekuwa kipofu? Si atakuja na pikipiki kila siku?"

"Na vile vipande viwili?"

"Kile kimoja kinaniunguza macho kama jua lenyewe. Kingine ni shimo. Katikati hapakuniumiza."

Chuoni jambo la kwanza tulilofundishwa ni hili: kabla hujauliza bei, jiulize kitu hicho kinatakiwa kufanya kazi gani. Mimi na Revocatus tulikuwa tumebishana mwaka na zaidi juu ya rangi inayopendeza, na hakuna aliyeuliza ukuta unafanya kazi gani.

Nikachukua shuka jeupe kabatini. Nikamwongoza mama hadi nje, jua lilikuwa linazama, nikalining'iniza shuka pembeni mwa kile kipande cha kijivu. "Unaona nini?"

"Kitu cheupe kimesimama."

"Ni mlango?"

"Ukisema ni mlango, nitaupita."

Revocatus alikuwa ametukodolea macho kutoka kwenye kiti chake. Nikamweleza yote hapohapo, mbele ya mama, kwa sababu siri ya aina ile ndiyo iliyomwangusha kule Goweko. Alitaka kulia, nikamkatiza.

"Lia baadaye. Nje tunapaka kijivu, kisimuunguze macho. Fremu za milango nyeupe. Ndani korido nyeupe, kwa sababu ni giza, na milango yote ya kijivu ili aione. Mlango wa choo kitasa chake kipakwe nyeupe, asiingie tena stoo."

Akaugeukia ukuta. "Kwa hiyo nje ni kijivu."

"Ndiyo."

"Kijivu changu."

"Revocatus, usinichokoze."

"Nimeuliza tu, Mama Ima."

"Na kliniki ya macho tunakwenda," nikamwambia mama. "Huo ukungu ni mtoto wa jicho. Unatolewa."

"Kwa kisu?"

"Kwa kisu."

"Kwanza rangi," akasema, na hapo hakusogea.

Akakaa. Alisema anakaa mpaka rangi ikauke. Rangi ikakauka, akasema anakaa mpaka harufu iishe. Harufu ikaisha, akasema anasubiri kuona kama itastahimili mvua. Alitembea koridoni bila kushika ukuta, akatoka nje, akarudi, akaacha kuingia stoo. Lakini kifurushi kilibaki nyuma ya mlango na fundo lake, na kila nilipofagia chumba kile nilikisogeza, nikakirudisha, bila kusema neno.

Nyumba yenyewe, kama nilivyotabiri, ilifanana na bani. Jirani yetu Zuwena alipita akauliza tunakausha lini. Mwendesha bodaboda mmoja aliacha kabisa kutuita kwa majina, abiria akisema kwa Revocatus, yeye anajibu, "Kwenye bani?" Mume wangu alivumilia kwa uso wa mtu aliyeshinda. Mchana, joto likipanda, nilimkuta mara nyingi amekaa koridoni, kwenye nyeupe yangu, akijipepea kwa gazeti. Sikumsema. Nilipita tu polepole.

Mwishowe, aliyemshinda bibi alikuwa Imakulata.

"Mke mwenzangu," akamwambia, "ukiogopa kisu, basi. Mimi matokeo yametoka, naondoka kwenda chuo. Utabaki unapiga soga na tanki."

"Tanki lina adabu kuliko wewe," bibi akajibu. Lakini Jumatatu iliyofuata alikuwa amevaa kitenge kipya, amekaa mlangoni, akisubiri kupelekwa.

Walimfanyia jicho moja kwanza. Walipotoa bandeji alimtazama daktari, akamtazama Revocatus, akamwambia, "Umenenepa." Njia nzima ya kurudi alisoma mabango kwa sauti, yale ya soda na ya wagombea.

Tulipofika aliomba tusimame getini. Akashuka mwenyewe. Akaitazama nyumba kutoka kona hadi kona, kwa jicho lile la kuchambulia, na mimi nikajikuta nimesimama wima kama mkulima mbele ya mnunuzi.

"Baba Ima," akasema polepole. "Rangi hii nani alichagua?"

"Tulifuata macho yako, mama."

"Mimi nilikuwa kipofu! Ninyi mlikuwa na kisingizio gani?"

Revocatus akainama kufungua geti. Nilikuwa nimesubiri siku hiyo kwa muda mrefu.

"Basi tupake nyeupe, mama?" nikauliza, kwa sauti ya upole ambayo siitumii mara nyingi.

"Nyeupe ya zahanati? Mimi nimetoka huko sasa hivi."

"Sasa tupake gani?"

"Msinikimbize. Rangi haichaguliwi getini. Lazima niitazame nyumba asubuhi, niitazame mvua ikinyesha, niitazame mwakani jua likiwa kali. Na bado kuna jicho la pili, nalo lina maoni yake."

Akatutangulia kuingia uani. Alipolifikia tanki la maji alisimama, akalichunguza juu hadi chini, akaligonga kwa kifundo cha kidole.

"Na wewe," akaliambia, "sasa nakuona."

Kisha akaingia ndani kupitia fremu nyeupe, akapita koridoni, na nilipomfuata na chai nilimkuta ameketi sakafuni chumbani kwake, kifurushi mapajani, akilifungua lile fundo kwa meno.