Sharubu ya Tano

Jumanne moja ya Juni 1953, mjini Élisabethville, Katanga, Rigobert Kasonde alivua viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye tangi la saruji nyuma ya nyumba ya Bwana Desmedt ili ahesabu sharubu za samaki. Kwanza alimwaga humo madebe mawili ya maji ya moto, maana samaki huyo alitoka mito ya Amerika Kusini na baridi ya Juni ingemuua.

Bwana Desmedt alikaa ukingoni, kitabu mapajani. Alikuwa amemnunua samaki huyo Antwerpen, akiwa na urefu wa kidole, akaambiwa hatazidi kiganja. Sasa samaki alikuwa na urefu wa mlango, tumbo jeupe, mkia mwekundu. Kitabuni walikuwemo kambale watatu wa kufanana naye, na idadi ya sharubu ndiyo ingewatenganisha.

Rigobert, mtoto wa wavuvi wa Pweto, hakumwamini samaki yule hata kidogo.

"Bwana, kwetu samaki banamupasula, njo banamujua."

"Hakuna kupasua. Hesabu," alisema Bwana Desmedt.

Alipofika sharubu ya tano, samaki akammeza. Hakumtafuna, kambale wa namna hii hatafuni. Viatu vilibaki ukingoni. Baada ya muda sauti ilitoka tumboni: "Sita, Bwana." Bwana Desmedt akaandika sita.

Taabu ilikuwa kwenye karatasi. Rigobert alikuwa mwashi wa kampuni, namba 4417, na saa ile alipaswa kuwa anajenga ukuta wa kampuni. Bwana Desmedt, mkuu wa ghala la kampuni, alikuwa akimchukua kwa siri miaka miwili, afanye kazi za nyumbani kwake. Akikiri kwamba mtu ameliwa, atakiri pia ameliwa wapi. Basi Jumatano akaripoti kwamba 4417 ametoroka. Na mke wa mtoro hakai kwenye nyumba ya kampuni: Léonie, mkewe, na binti yao Germaine walipewa hadi Jumamosi wahame.

Kapita Mulenga, msimamizi wa wafanyakazi, alikuja kupekua nyumba yao. Alichungulia chini ya kitanda, akabonyeza gunia la unga.

"Mama Germaine, ulimuficha wapi?"

"Iko mu tumbo ya samaki ya Bwana Desmedt."

Mulenga alifikiri. "Ile ya mukia mwekundu?"

"Njo ile."

"Minaamini, mama. Lakini kwa karatasi hakuna fasi ya samaki. Iko présent, ao iko absent."

"Basi kuya umuite, utasikia."

Alhamisi walikwenda pamoja kwa Bwana Desmedt, naye alikuwepo. Mulenga alisimama mbele ya tangi, akafungua daftari, akaita namba kwa Kifaransa. "Quarante-quatre dix-sept!"

"Présent!" maji yakaitika.

Mulenga akainama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama hata nyuma ya ndoo. Kwenye kambi ya wafanyakazi watu walikuwa na ujanja wa kumwitikia rafiki aliyelala, na tangu mwaka uliopita makapita waliamriwa wasiandike mtu wasiyemwona kwa macho.

"Hii mayele tunaijua," alisema, na akaandika absent, hayupo. Hakumtazama Léonie usoni.

Léonie alipandwa na hasira, na alikuwa na haki. Alitoa kisu ndani ya kitenge. "Mumupasule!"

Bwana Desmedt alikuwa amekikodolea macho kitenge kile tangu Léonie alipoingia. Alisimama kati yake na tangi. Alisema samaki huyo yuko mmoja tu Katanga nzima. Waashi hakuwataja. Kisu kikachukuliwa.

Jumamosi vyombo vya Léonie vilitolewa nje. Alivibeba kichwani mpaka mtaa wa Katuba, kwa dada yake, Germaine akimfuata na sufuria.

Bwana Desmedt aliandikia jumba la makumbusho la Ulaya: sharubu sita, mkia mwekundu, hutoa sauti, hukohoa asubuhi, na Jumapili huimba misa kwa Kilatini. Wataalamu walimjibu wakimshukuru sana. Jina la samaki lilithibitishwa, na kuhusu sauti walimsifu kwa masikio makini. Akatengeneza kibao cha shaba chenye maneno hayo yote, akakipigilia ukutani.

Lakini samaki alianza kukonda. Moyo wa ng'ombe aliokuwa akilishwa aliutema. Sauti ilieleza kwamba imechoka na moyo, inataka bukari, yaani ugali, na si bukari ya mpishi yeyote tu. Léonie akaitwa. Bwana Desmedt aliagiza apekuliwe kila aingiapo, na mpaka leo hupekuliwa.

Namba 4417 ilipewa mwashi mwingine. Kila asubuhi king'ora cha kampuni kinapolia, tangi huitika "Présent!" na majirani wote huendelea kunywa kahawa. Léonie hupangusa viatu vilivyo ukingoni, kisha humega tonge la kwanza na kulitia majini.

"Banakusikia, Baba Germaine," husema. "Bote banakusikia. Kula."